Vidole Viwili Upande wa Mlango

Mwalimu wa urubani hukaa kiti cha kulia. Mwanafunzi hukaa kushoto, na kila mmoja ana usukani mbele yake. Ukivuta wako, na wa mwenzako unavutika, kwa sababu nyaya zake ni zilezile. Ni mpango mzuri, umeokoa roho nyingi. Mimi niliutumia kumharibia mtu mmoja njia yake, kwa vidole viwili vya mkono wa kulia, upande wa mlango ambako hakuweza kuviona.

Naandika bila kutaja jina la mtu yeyote. La kwangu pia silitaji, na hilo lenyewe ni sehemu ya tabia ninayotaka kuieleza.

Nilikulia Makole, Dodoma, karibu sana na uwanja wa ndege, kiasi kwamba mama akianika nguo alijua kwa mlio tu kama ndege inaingia au inatoka. Katika ukoo wetu hakuna aliyewahi kupanda ndege, sembuse kuirusha. Nilijifundisha mwenyewe. Nilikuwa na kitabu cha zamani cha urubani kisicho na jalada wala sura ya tatu, kiti cha plastiki, na mfuniko wa sufuria niliouita usukani. Ukutani nilichora mstari wa chaki, ukawa upeo wa macho. Nilikuwa nalaza mwili upande, nahesabu mzunguko kwa sekunde, nanyooka, na kama nimenyooka sekunde moja mapema narudia tangu mwanzo. Wadogo zangu walinicheka hadi wakachoka. Mimi sikucheka. Nilikuwa na miaka kumi na tano, na tayari nililala nikiyahesabu makosa niliyoyafanya juu ya kiti cha plastiki.

Baadaye nilisoma kweli, kwa njia ndefu ambayo si ya kusimulia hapa, na aliyenifundisha kona kali alikuwa mzee mmoja mnene, mvivu, aliyekunja mikono kifuani tangu tunapaa mpaka tunatua. Nina hakika mara mbili alisinzia. Nikishuka futi mia nne alisema, “Umeshuka.” Nikipanda mia tatu, “Umepanda.” Basi, hakuongeza neno. Nilimchukia. Niliapa kwamba nikiwa mwalimu sitamwacha mtu akosee peke yake namna ile.

Kona kali ni zoezi rahisi kulieleza. Unalaza bawa nyuzi arobaini na tano, katikati ya kulala na kusimama, unazunguka duara zima, unatoka ukiangalia palepale ulipoanzia, na muda wote huo ndege isipande wala isishuke. Shida ni kwamba ndege ikilala hivyo inakuwa nzito kuliko ilivyo. Unasikia mashavu yanavutwa chini. Pua inataka kuanguka, na lazima uvute usukani kidogo, uongeze nguvu ya injini kidogo, huku macho yako nje kwenye upeo. Ukichelewa, pua inaanguka. Na ikishaanguka, ukivuta kwa hofu unakaza tu mzunguko na kushuka zaidi. Inabidi kwanza upunguze ulalo, ndipo uvute. Hilo la mwisho mtu anaweza kulisoma, kulikariri na kulisema usingizini. Mikono hailijui mpaka iwe imekosea.

Mwanafunzi wangu alitoka Chamwino. Alikuwa na miaka thelathini na moja, amenizidi sita. Alikuwa karani wa masjala katika ofisi moja ya umma, kazi yake kutafuta mafaili ambayo wakubwa walikuwa wameyakalia wenyewe, mpaka wafadhili fulani walipomchagua kusomea urubani kwetu. Sharti lao alinieleza siku ya kwanza, kabla hata hajakaa. Akifaulu mtihani wa leseni mara ya kwanza, wanampeleka mbele, akasomee ndege kubwa. Akianguka, nafasi inakwenda kwa anayemfuata, naye anarudi masjala.

“Kwa hiyo, mwalimu,” aliniambia, “ukiniona nakosea, usinionee haya. Nichape.”

“Siku hizi hatuchapi, dada.”

“Basi niombee.”

Tulikuwa tunaruka asubuhi, kabla jua halijaanza kuchemsha udongo na hewa kurusharusha ndege. Tulikwenda mashariki, tukapanda hadi futi elfu sita na mia tano, na pale juu ya Chamwino tulijipanga sambamba na reli mpya, ili ajue mahali pa kutokea. Chini yetu mito ya mchanga, mashamba ya zabibu kama vitambaa vya kijani vilivyosahaulika kwenye nchi ya kahawia, na miamba iliyokaa mafungumafungu. Kila siku alinionyesha paa la kwao. Kila siku nilijifanya nimeliona.

Kona zake za mwanzo zilikuwa mbaya, kama za kila mtu.

“Mwalimu, hii ndege inataka kuniangusha!”

“Haitaki. Inangoja uivute.”

“Naivuta!”

“Unavuta kama mtu anayefunga zipu ya mtoto aliyelala.”

Alicheka, na kwa kicheko hicho tukapoteza futi mia tano.

Kwa mwalimu mwenye akili timamu ile ilikuwa asubuhi njema. Kwangu ilikuwa mateso. Sijui kama naweza kumweleza mtu asiye hivi. Nikiona mshale wa mwinuko unashuka, najisikia kama mtu anayetazama glasi ikisogea ukingoni mwa meza huku mikono yake imefungwa. Sikuwa naogopa kufa, tulikuwa juu mno kufa. Nilichoogopa ni kona mbaya iliyofanywa nami nikiwa ndani ya ndege.

Asubuhi ya nne nilipachika vidole viwili kwenye pembe ya usukani wangu. Nilijiambia ni vya tahadhari tu. Pua ilipoanza kuanguka niliuvuta kidogo, uzito wa kikombe cha chai, si zaidi. Mshale ukatulia. Duara likafungwa. Tukatoka tukiangalia reli.

“Umeona?” alipiga kelele. “Mwalimu, umeona?”

“Nimeona.”

Ningeweza kumwambia palepale. Badala yake, tuliporudi, niliandika kwenye kumbukumbu yake ya mafunzo: *Maendeleo mazuri sana.*

Basi ikawa ndiyo kazi yangu. Miezi mitano, vidole viwili. Vikawa na ujuzi wao wenyewe. Niliweza kumweleza habari za mawingu huku vidole vikifanya kazi. Yeye alidhani ndivyo ndege ilivyo, kwamba pua ikianza kuanguka huwa inajirudi kidogo yenyewe, na kazi ya rubani ni kuingoja. Nilimfundisha kungoja. Nilikuwa najisifu kimoyomoyo kwamba mikono yake ni mepesi.

Kuna kitu kinachotokea ukifanya kona kali sawasawa kabisa, bila kupanda wala kushuka. Unapofunga duara unapita katika hewa uliyoivuruga mwenyewe ulipoanza, na ndege inagonga mara moja, mshtuko mdogo kama gari likivuka reli. Marubani wanaupenda mshtuko huo kuliko sifa ya mtu. Niliutafuta kwa miaka yangu yote ya masomo, na siku nilipoupata nililia. Kwa mwanafunzi wangu niliupata mara tatu katika wiki moja. Nilimweleza maana yake, naye akashika mdomo.

Jumamosi iliyofuata alinialika kwao.

Baba yake alikuwa mkulima wa zabibu, mtu mrefu, mkavu, mwenye viganja vilivyopasuka. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, kisha akanisalimia tena kwa Kigogo, “Mbukwa,” akangoja nijibu. Nikajibu vibaya. Akacheka na kumgeukia binti yake.

“Huyu ndiye mwalimu? Huyu mbona bado anaota ndevu?”

“Baba!”

“Mimi nasema tu. Nilidhani ni mtu mzima.”

Tulikula ugali wa uwele na mlenda, na nyama ya mbuzi waliyenichinjia, nami nikala kipande kimoja tu. Baada ya kunawa, baba alinisogelea, akaacha utani wote.

“Mwanangu, mimi ndege siijui. Nikiisikia inapita huwa nasimama shambani, basi. Niambie wewe. Anaweza?”

Binti yake alikuwa amesimama mlangoni na beseni la maji ya kunawia. Hakuondoka.

“Anaweza, baba,” nikasema. “Kona zake zinakutana na upepo wake mwenyewe. Wapo marubani wazima hawajawahi kufanya hivyo.”

Mzee aliitikia kwa kichwa taratibu, akaliambia beseni, maana machoni mwa binti yake hakuweza kutazama, “Umesikia lakini?”

Nimerudia jibu hilo kichwani mara nyingi kuliko dua yoyote. Kila neno lake ni kweli. Kona zilikutana na upepo. Zilikuwa zake kwa maana kwamba alikaa kiti cha kushoto.

Mtahini alikuja kutoka Dar es Salaam, mama mmoja wa makamo, rubani wa siku nyingi, mwenye miwani iliyofungwa kamba. Alichelewa, na badala ya saa moja asubuhi wakapaa saa nne, wakati hewa ya Dodoma imeshaanza kuchemka. Nilikishika kisingizio hicho kabla hata ndege haijaacha ardhi.

Nilisimama kwenye kivuli cha banda la ndege. Mkono wangu wa kulia ulikuwa mfukoni, na vidole viwili vilikuwa vimejikunja, vinavuta kitambaa. Nilivikuta hivyo. Sikuwa nimeviambia.

Walirudi mapema kuliko ilivyotakiwa. Yeye alishuka, akanipita bila kuniangalia, akaingia chooni. Mtahini aliniita kando ya bawa.

“Nani alikuwa akimrushia huyu?”

“Anarusha mwenyewe, mama. Labda hewa ya saa nne—”

“Mwanangu.” Alivua miwani ikaning’inia kifuani. “Pua imeshuka, mikono yake ikakaa inangoja. Mia mbili, inangoja. Mia tatu, inangoja. Halafu akashtuka akavuta kama anang’oa muhogo, tukaanza kuzunguka kwenda chini mpaka nikamnyang’anya. Kila kitu kingine anakijua. Sheria anazijua kuliko wewe. Sasa nakuuliza, pale alikuwa anamngoja nani?”

Nilifuta vumbi kwenye bawa kwa mkono wa kushoto. Alinitazama mkono uliokuwa mfukoni, sijui kama alielewa au ni mimi tu niliyetaka aelewe, akaenda kuandika matokeo.

Nilimwambia ukweli siku hiyohiyo, alasiri, tukiwa tumekaa kwenye benchi la nyuma ya banda. Sitaki kusifiwa kwa hilo. Alikuwa ameniuliza mara tatu amekosea nini, na mara ya tatu alikuwa anajitukana.

Nilimwonyesha vidole. Nilimwonyesha hasa, nikavinyanyua, kwa sababu sikupata namna nyingine ya kulisema.

“Zote?” akauliza.

“Tangu asubuhi ya nne.”

“Zile tatu zilizogonga?”

“Na zile.”

Aliviangalia vidole vyangu. Kisha akasema kwa sauti ya chini, ya mtu anayepanga mafaili, “Nilimwambia baba ule mshtuko ni kama mtoto kucheza tumboni.” Akafuta uso kwa upindo wa mkono wa shati. “Ulikuwa unaona raha gani, mwalimu?”

Jibu nilikuwa nalo mdomoni, nikavirudisha vidole mfukoni. Nilikuwa naona raha ya kona nzuri.

Jumatatu alinijia akiwa na habari. Amezungumza na wafadhili. Wapo tayari kumruhusu arudie mtihani, endapo mwalimu wake ataandika barua, kwa saini yake, kueleza kwamba kosa lilikuwa la mafunzo na si la mwanafunzi. Barua ifike mkononi ofisini kwao, hapa hapa mjini, kabla ya Ijumaa saa tisa alasiri. Baada ya hapo jina la anayefuata linakwenda.

“Utaandika?”

“Nitaandika leo.”

Na kweli nilianza siku hiyo, katika chumba changu cha kupanga, mtaa wa Kikuyu. Niliandika kwamba palikuwa na upungufu katika mafunzo. Nikaona ni maneno ya jumla mno. Jumanne nikaandika kwamba mwalimu husika alitoa msaada uliopitiliza. Nikaona “uliopitiliza” halifai, nikatafuta jingine. Jumatano nilitumia saa nzima kwenye aya kuhusu hewa ya saa nne. Alhamisi niliifuta. Nilijiambia natafuta neno sahihi. Nilichokuwa natafuta ni neno ambalo lingesema ukweli bila mimi kuwemo ndani yake, na katika Kiswahili chote, ambacho nakipenda na ambacho nacho nimejifunza zaidi kwa kusoma peke yangu, sikulipata.

Ijumaa saa sita mchana nilikuwa na barua. Ilisema: Nilishika usukani kwa siri muda wote, na nikaandika katika kumbukumbu kwamba ni yeye aliyerusha. Ilikuwa sentensi moja. Ilikuwa imetosha tangu Jumatatu. Nilipoichapisha niliona tarehe imekaa karibu mno na ukingo wa karatasi. Nikarudi kuirekebisha. Kisha nikaona “kwa siri” lije kabla ya “usukani”. Kisha nikaona lirudi lilipokuwa.

Umeme haukukatika. Ningependa sana kusema ulikatika, maana kila mtu hapa angeniamini. Pikipiki haikuharibika. Nilifika ofisini kwao saa tisa na dakika arobaini, nikiwa na barua isiyo na kosa hata moja, nikakuta mlango umefungwa.

Niliipeleka tena Jumatatu. Dada wa mapokezi aliipokea kwa heshima, akaipiga mhuri, akaniambia kwa upole kwamba jina la mwingine lilishakwenda tangu Ijumaa jioni. Nilisubiri shuleni waniite, waninyang’anye cheti cha ualimu. Hakuna aliyeniita. Barua iliingia kwenye faili, na anayejua kazi ya masjala anajua maana yake. Bado nafundisha.

Kwenye mpango wake wa mafunzo ilikuwa imebaki saa moja ya kuruka. Nilidhani hatakuja kuichukua. Alikuja Jumatano, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, amevaa sketi ya ofisini kwa sababu saa tatu alitakiwa awe amesharipoti masjala.

“Barua ulipeleka?”

“Nilipeleka.”

“Lini?”

“Jumatatu.”

Alifunga mkanda wake, akauvuta mpaka ukakaza. Tulifika juu ya Chamwino, tukajipanga na reli. Hapo akageuka.

“Kalia mikono yako.”

“Nitaiweka mapajani, utaiona—”

“Nimesema ikalie.”

Nikaikalia. Viganja chini ya mapaja, kama mtoto anayesubiri sindano. Aliinama kutazama upande wangu wa mlango, akahakikisha, kisha akalaza bawa.

Ya kwanza alipoteza futi mia nne. Pua ilianguka, mikono yake ikangoja, na mimi nikaona glasi inasogea ukingoni mwa meza. Vidole vyangu viliniuma chini ya paja. Akavuta kwa hofu, duara likakaza, mlio wa upepo ukapanda. Nikasema, “Umeshuka.” Ndilo neno pekee nililokuwa nalo. Kwa sauti yake yule mzee mvivu niliyemchukia.

Akapunguza ulalo, akavuta, akaiokoa. Mwenyewe. Jasho lilikuwa linamtiririka pembeni mwa sikio.

“Tena,” akasema, wala hakuniambia mimi.

Ya pili, mia tatu. Ya tatu, mia tatu na ishirini. Ya nne akaanza kuishika pua kabla haijaanguka. Niliona mikono yake ikiacha kungoja, kitu kidogo sana kwenye kiwiko. Mia mbili. Ya sita alipanda. Ya nane tulitoka tukiangalia reli, naye akasoma mshale kabla yangu.

“Mia moja na thelathini.”

Kwenye mtihani kinachoruhusiwa ni mia moja na hamsini.

“Haijagonga,” akasema.

“Haijagonga. Lakini hiyo inafaulu, dada.”

Alitazama saa ya kwenye dashibodi. Tulikuwa tumeruka dakika hamsini na mbili, tangu kupaa.

“Kumbe ilihitaji saa moja tu,” akasema.

Hakulia. Aligeuza ndege kuelekea nyumbani, akapita juu ya paa la kwao bila kunionyesha, na kwa mara ya kwanza nililiona: bati jipya upande mmoja, la zamani upande mwingine, na mtu mrefu amesimama katikati ya mizabibu akitazama juu.

Ofisini nilifungua kumbukumbu yake ya mafunzo. Yeye alisimama pembeni ya meza, begi begani, akitazama saa ya ukutani. Niliandika tarehe. Niliandika: kona kali, nane, ya mwisho ameshuka futi 130. Nikasogeza kalamu mwisho wa mstari, nikaanza kutafuta neno.

Aliweka kiganja juu ya ukurasa.

“Usiongeze kitu,” akasema. “Weka saini, nachelewa kazini.”